Mjazo wa Kuku wa Noeli Upikwe Nje ya Kuku

Noeli inakaribia. Mvua zimeanza, uyoga, yaani bowa, umeota porini, na hapa Kilwa kila nyumba yenye kuku imeanza kuwahesabu. Wenye bata mzinga, ambaye wengi wetu humwita dindon kwa neno la Kifaransa, wanamlisha mahindi na kumchunga asiibiwe. Leo nataka kusema nawe juu ya jambo moja tu la karamu hiyo, nalo ni mjazo. Maana ya mjazo ni chakula kile tunachokitia tumboni mwa kuku kabla ya kumpika: wali, mkate, viazi, maini, kitunguu, kila nyumba na desturi yake.

Shauri langu ni hili. Mjazo usipikwe ndani ya kuku. Upikwe peke yake, katika sufuria yake au katika majani ya ndizi, halafu ukutane na kuku mezani. Najua ya kuwa wengine watachukizwa. Mama mmoja aliniambia kwamba kuku asiyejazwa ni kama nyumba isiyo na watu. Simlaumu. Mafuta ya nyama huingia katika mjazo na kuufanya uwe mtamu, hata mimi ninajua. Lakini unisikilize kwanza, maana jambo hili liliingia nyumbani mwetu likatuvunja.

Ilikuwa mwaka 1994, nami nilikuwa kijana wa miaka 16. Mama yangu alikuwa amefuga bata mzinga mmoja tangu wakati wa Pasaka, jike kubwa. Baba alimpima kwa mizani ya samaki akaona kilo 6. Mama alijifunza kujaza ndege kwa baba yake, aliyekuwa mpishi katika nyumba ya Wazungu huko Elisabethville, kabla mji ule haujaitwa Lubumbashi mwaka 1966. Babu yule alijaza kwa mkate uliolowekwa katika maziwa. Mama, kwa sababu mkate ulikuwa haba, alitumia wali, pamoja na maini, firigisi iliyokatwa vipande vidogo, kitunguu na karanga zilizotwangwa. Hapo ndipo utamu wa Noeli yetu ulipokuwa. Sisi watoto hatukungoja nyama, tulingoja mjazo.

Jioni ya tarehe 24 mama alipika wali. Alitaka kwenda katika ibada ya usiku bila wasiwasi, basi akautia wali ungali moto ndani ya ndege mbichi, akashona ngozi kwa uzi, akamfunga kwa kitambaa, akamfunika kwa beseni karibu na mbabula ili panya wasimfikie. Asubuhi akamweka katika sufuria kubwa, makala chini na makala juu ya kifuniko. Baada ya masaa 3 ngozi ilikuwa nyekundu kama udongo wa njia yetu, na harufu ilifika kwa jirani. Tukala saa 8 mchana.

Usiku wa manane tulianza kuugua, mmoja baada ya mwingine. Tumbo, homa, kuharisha. Tulikuwa watu 13 katika karamu ile, na watu 11 waliugua. Mtoto wa dada yangu, mwenye mwaka mmoja na nusu, alipelekwa hospitali kwa baiskeli kabla ya jua kutoka, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Alipona. Lakini ugonjwa wa nyumba yetu haukwisha siku ile.

Watu wawili hawakuugua. Wa kwanza alikuwa mzee wetu, baba yake baba, ambaye hakuwa na meno, naye alikula bukari na samaki tu. Wa pili alikuwa mulamu wangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Yeye alizaliwa ng'ambo ya ziwa. Kwao kuku hupikwa katika mchuzi na kuliwa kwa bukari, na ndege aliyejazwa wali alikuwa kitu kigeni machoni pake. Alikula kipande kidogo cha kifua, mjazo akaupitisha kwa wengine. Basi ndugu wakauliza: Kwa nini huyu peke yake ni mzima? Kwa nini aliupitisha mjazo? Kabla ya mwaka mpya neno sumu lilikuwa limekwisha kusemwa, na nyuma ya neno sumu likaja neno bulozi. Mulamu akafunga vitu vyake, akavuka ziwa na mtoto mgongoni. Alikaa kwao miaka 2. Nami nilikuwa nimeketi pale, nikasikia yote, nisiseme neno.

Baadaye nilijifunza kazi ya uuguzi. Siku moja mwalimu wetu alitufundisha namna ya kutafuta chanzo cha ugonjwa uliotokana na chakula. Unaandika majina ya watu wote waliokula. Karibu na kila jina unaandika alikula nini, na kama aliugua au hakuugua. Halafu unatazama. Nikachukua kalamu nikaandika karamu ya nyumba yetu, majina 13. Waliokula mjazo walikuwa 11. Waliougua walikuwa 11, nao ni wale wale. Kazi hiyo ilichukua dakika 5. Mulamu wangu alikuwa amepoteza miaka 2.

Hakuna mtu aliyetia kitu kibaya katika sufuria ile. Vijidudu vilikuwamo tangu mwanzo, nasi tulivitunza usiku kucha. Sasa nikueleze kazi ya vijidudu hivyo, maana ukiielewa hutahitaji kukariri sheria nyingi.

Kuku mzima, mwenye nguvu, asiye na ugonjwa hata kidogo, huchukua vijidudu katika matumbo yake. Vingine huitwa salmonela, vingine kampilobakta. Anapochinjwa na kutolewa matumbo, baadhi yake hubaki ndani ya mwili wake, mahali pale pale tunapotia mjazo. Tena wali wenyewe una vijidudu vya namna nyingine, vyenye mbegu ngumu. Mbegu hizo hazifi kwa kuchemka tu. Wali ukipoa polepole, zinaamka.

Vijidudu hivi hupenda uvuguvugu. Hatari iko kati ya digri 5 na digri 60. Chini ya hapo, katika friji, vingi vinalala. Juu ya hapo vinaanza kufa. Mahali penye uvuguvugu mzuri na unyevu kijidudu kimoja chaweza kugawanyika kuwa viwili kwa muda wa dakika 20 hivi. Fanya hesabu mwenyewe, au umwulize mtoto wako wa shule: kimoja, viwili, vinne, vinane. Baada ya masaa 7 kile kimoja kimekuwa zaidi ya milioni 2. Wali wa moto uliofungwa ndani ya ndege mbichi, ukafunikwa kwa kitambaa karibu na makala, ni kitanda chema kuliko kile tunachowatandikia wageni wetu.

Labda utauliza, Je, moto wa asubuhi haukuviua? Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa sababu wanatazama ngozi. Moto huanza nje ukaingia ndani, kama mvua inavyolowesha kwanza nyasi za juu za paa. Mjazo umekaa katikati kabisa, nyuma ya ngozi, nyuma ya nyama, nyuma ya mifupa. Ndio wa mwisho kupata joto. Na wakati unapongoja joto, maji mekundu ya nyama mbichi yanadondoka ndani yake. Wataalamu wa chakula wa Marekani, ambako familia nyingi hula bata mzinga kila Alhamisi ya nne ya Novemba, wanasema nyama yake ifike digri 74, na mjazo katikati yake ufike digri 74 vile vile. Nyama ya paja yaweza kuwa tayari na mjazo bado. Ukiungoja mjazo, nyama ya kifua inakauka kama ubao. Hivyo mpishi wa ndege aliyejazwa anatakiwa kuchagua kati ya kifua kikavu na matumbo ya wageni, na kwa bahati mbaya wengi wetu tunapenda kifua laini.

Tena moto hauondoi kila kitu. Vijidudu vingine vya wali, vikipata muda wa kutosha, huacha sumu yao ndani ya chakula. Vijidudu vyenyewe vyaweza kufa katika sufuria, lakini sumu hiyo haivunjiki kwa kuchemsha. Mtu akila anatapika baada ya saa 1 mpaka 6. Kwa sababu hiyo usiniambie, "Nitaupasha tena moto mkali." Wali uliokaa usiku kucha nje ya friji haupashwi. Unatupwa.

Sasa nije kwenye neno la mapishi ya nyumbani, maana najua ya kuwa shida yenyewe si elimu. Shida ni bibi. Shida ni mama mukwe aliyeketi kwenye kiti mlangoni mwa jiko akitazama mikono yako. Ukimwambia kwamba mjazo utapikwa nje, atasikia ya kuwa umemwambia, "Wewe umetulisha uchafu miaka yote." Hilo ni neno zito, na binti anayeolewa hawezi kulisema. Ndiyo maana ninaliandika mimi hapa. Mwonyeshe kijitabu hiki, sema ni watu wa hospitali waliosema. Na kama bibi atakujibu kwamba amejaza kuku miaka 40 na hakuna aliyekufa, usibishane naye. Huenda ni kweli. Huenda alijaza kuku mdogo, akamtia motoni mara moja, akawalisha watoto wake yangali moto. Kuku mdogo si bata mzinga wa kilo 6, na kumpika mara moja si sawa na kumlaza. Desturi yaweza kuwa salama katika mikono ya bibi ikawa hatari katika mikono ya mjukuu mwenye haraka.

Wala usidhani kwamba sisi peke yetu tunagombana kwa ajili ya mjazo. Kule Marekani nyumba zinagawanyika kwa jambo hili. Wengine hujaza kwa mkate wa ngano, wengine kwa chaza wa baharini. Watu wa kusini mwa nchi hiyo hupenda mkate wa mahindi, na wengi wao huuoka pembeni katika chombo chake, wala hawaoni ya kuwa wamepoteza kitu. Na ndege mwenyewe, tazama maajabu, hakuna anayetaka kumkubali kuwa ni wa kwao. Waingereza wamempa jina la nchi ya Waturuki. Waturuki na Wafaransa wamempa jina la Uhindi. Wareno wanamwita Peru. Lakini yeye alifugwa kwanza na wenyeji wa Meksiko, tangu zaidi ya miaka 2,000, na Wahispania walimleta Ulaya katika miaka ya 1500. Sisi tumemwita bata, wala si bata. Basi tusikazane sana kusema kwamba kuna namna moja tu ya kumpika.

Mapishi ya bibi yamo katika vitu anavyotia na namna anavyovikaanga. Karanga ni zake, kitunguu ni chake, kipimo cha chumvi ni chake. Hayo yote hayaguswi. Kinachobadilika ni mahali tu.

Namna yenyewe ni hii. Kuku wa kilo 1 na nusu atatosha watu 6, pamoja na vikombe 2 vya mchele. Chemsha shingo, miguu na ncha za mabawa katika maji kwa muda wa saa 1, upate supu nzito yenye mafuta. Supu hii ndiyo itakayoleta ladha ile uliyokuwa ukiitafuta ndani ya kuku, kwa hiyo usiipunguze. Kaanga kitunguu, kisha maini na firigisi mpaka zisiwe na wekundu hata kidogo, kisha bowa kama unao. (Bowa usioujua usiununue, hata kama bei ni ndogo.) Tia mchele, karanga na supu, upike mpaka wali uive. Watu wa mkate watie mkate mkavu badala ya wali, na kama wanatumia mayai, mayai hayo lazima yaive mpaka yagande. Halafu funga katika majani ya ndizi yaliyopitishwa motoni ili yalainike, vifurushi vidogo, kila kimoja kisizidi ukubwa wa kiganja. Kifurushi kikubwa kina shida ile ile ya bata mzinga: moto haufiki katikati. Vipange juu ya vijiti ndani ya sufuria yenye maji kidogo, funika, uvipike kwa mvuke nusu saa wakati kuku anapomalizika. Fungua kimoja cha katikati. Kama mvuke unatoka mwingi na huwezi kushika mjazo wake kwa vidole, ni tayari.

Na yule asiyeweza kukubali kuku mtupu mezani? Ninamhurumia, tena ninayo njia kwa ajili yake. Kuku akiisha kuiva kabisa, chukua mjazo ungali na mvuke uujaze wakati ule ule unapompeleka mezani. Macho ya wazee yataona kuku aliyejaa, na matumbo yao yatakaa salama.

Kuku mwenyewe utamjuaje kama ameiva, nawe huna kipimajoto cha jikoni? Choma kwa kisu mahali pa paja palipo panene zaidi. Maji yanayotoka yawe meupe bila damu, na mfupa wa paja utikisike kwa urahisi ukiuvuta. Usisimame kwenye rangi ya ngozi. Hapa kwetu kando ya ziwa Moero tuko juu ya usawa wa bahari karibu meta 920, na maji huchemka kwenye digri 97 hivi badala ya 100. Joto hilo latosha kwa kuku wa mchuzi, mradi umpe muda.

Juu ya kuosha kuku nina neno. Vitabu vingi vya siku hizi vinakataza kuosha kuku mbichi, kwa sababu maji huruka na kupeleka vijidudu kwenye sahani, kwenye nyanya, kwenye nguo za mtoto. Vitabu hivyo viliandikwa kwa watu wanaonunua kuku aliyekwisha safishwa. Sisi tunachinja wenyewe, tunanyonyoa kwa maji ya moto, kuna damu na manyoya, lazima tuoshe. Basi uoshe katika beseni moja, chini, nje ya jiko, polepole bila kurusha maji, mbali na vyakula vingine. Mwaga maji shimoni, sugua beseni, kisu na mikono kwa sabuni. Kisu kilichokata kuku mbichi kisikate nyanya kabla ya kuoshwa. Maji ya ziwa yasitumike hivi hivi kwa saladi wala kwa kuosha sahani za karamu: yachemshwe au yatiwe dawa, maana kolera hupita mara kwa mara katika vijiji vya kando ya ziwa, nayo haijali Noeli.

Sasa kuku wa barafu. Siku hizi watu wananunua mapaja ya kuku na mabawa ya dindon yaliyotoka nchi za nje yakiwa magumu kama jiwe. Nyama hizi zikiwekwa vizuri si mbaya. Lakini kutoka Lubumbashi mpaka hapa ni karibu kilometa 350, na katika mvua gari laweza kulala njiani. Barafu inayeyuka, kisha mwenye duka anaigandisha tena, nawe unauziwa jiwe lile lile. Tazama kama kuna maji mekundu yaliyoganda chini ya mfuko, au vipande vimeshikana kuwa donge moja. Ukiona hivyo, acha. Mwenye friji ayeyushe ndani ya friji, siku nzima kwa kila kilo 2. Asiye na friji anunue siku ile ile ya kupika, akate vipande, apike mara tu vinapolainika. Ndege mzima wa barafu akiwekwa mezani usiku kucha, nje amekuwa vuguvugu na ndani bado ni barafu, na huyo ndiye mtu anataka kumjaza!

Mimi naona friji nzuri kuliko zote ni kuku aliye hai. Haharibiki, anajilisha mwenyewe, hahitaji umeme. Kama wageni watakuja kwa makundi, wengine baada ya ibada na wengine jioni, mchinje mmoja asubuhi na mwingine alasiri. Ni kazi zaidi, najua, na mara nyingi kazi hiyo inawaangukia wanawake peke yao. Wababa, ninyi mnaoketi chini ya mwembe mkingojea sahani, kumnyonyoa kuku hakupunguzi heshima ya mtu.

Chakula kikiisha kupikwa kisikae juu ya meza zaidi ya masaa 2. Siku ya joto kali, zaidi ya digri 32, saa 1 tu. Nyama iliyobaki itolewe kwenye mifupa, ichemshwe tena katika mchuzi, iliwe jioni ile ile. Mjazo uliobaki sina njia ya kuuokoa kwa mtu asiye na friji. Pika kidogo. Afadhali mtoto aseme hakushiba mjazo.

Na kama, pamoja na hayo yote, mtu akiugua baada ya karamu, usingoje. Mpe maji ya kunywa yenye chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vipimo vya sawasawa bila kilima. Anywe kidogo kidogo, hata akitapika, pumzika dakika 10 uanze tena. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kama unapata pakiti za dawa ya maji na vidonge vya zinki vya watoto kwenye kituo cha afya, hivyo ni vizuri zaidi. Umlete hospitali upesi ukiona damu katika choo, au macho yaliyoingia ndani, au mtoto amelegea na hataki kunywa, au hakojoi, au choo kinatoka kama maji ya mchele. Mwanamke mwenye mimba na mzee sana waletwe mapema kuliko wengine.

Ukija, tuambie kila mtu alikula nini na saa ngapi. Usifiche kwa aibu. Usimwache nyumbani yule ambaye hakuugua, yeye ndiye atakayetusaidia sana, kwa sababu tutamwuliza ni chakula gani hakukila. Nyumbani mwenu msimwulize swali hilo kwa sauti nyingine. Mtu aweza kuukataa mjazo kwa sababu una karanga, au kwa sababu firigisi kwao huliwa na baba mwenye nyumba peke yake, au kwa sababu tu haupendi. Sisi tulimgeuza mtu kuwa mchawi kwa sababu hakupenda wali wa mama.

Mulamu alirudi mwaka 1996, kaka alipovuka kwenda kumwomba radhi kwa wazazi wake. Wakati ule mama alikuwa ameacha kabisa kupika bata mzinga. Nilipomwonyesha karatasi yangu yenye majina 13, miaka mingi baadaye, alinyamaza muda mrefu, kisha akamwita mulamu jikoni akafunga mlango. Hawakutuambia walisema nini. Noeli iliyofuata mjazo ulipikwa tena nyumbani mwetu, katika majani ya ndizi, namna ambayo kwao mulamu hufunga samaki. Mama hukaanga, yeye hufunga. Kifurushi kimoja hutiwa alama ya uzi mwekundu. Hicho hakina maini wala karanga, ndani yake mna chisense, nacho ni chake.